Mlango wa Lukuga: Historia ya Kijiji cha Wavuvi Kilichogeuka Mtaa wa Mji



Desturi ya jubilei ni kuhesabu: miaka iliyopita, mapadri waliotutumikia, wabatizwa, ndoa, shule na majengo. Hesabu hiyo imefanywa katika kurasa nyingine, nasi hatutairudia. Sisi tumepewa kazi ya kueleza historia ya mahali penyewe tunapokaa, yaani pwani hii ya Kalemie, karibu na mahali ambapo mto Lukuga unatoka katika ziwa Tanganyika. Hapo zamani palikuwa na vijiji vya wavuvi; leo ni mtaa wa mji, wenye nyumba zilizobanana hadi ukingoni mwa maji.

Tulipoanza kukusanya habari, tulidhani tutaandika juu ya watu tu: machifu, wafanyabiashara, wamisionari, wafanyakazi wa gari la moshi. Lakini kila tulipogusa habari ya watu tulikutana na habari ya maji. Kwa hiyo tumeona vema kueleza mambo hayo mawili pamoja. Maana hapa petu yuko mwenye nchi mmoja ambaye jina lake haliandikwi katika daftari za Leta, naye ni ziwa. Lenyewe limetupa mahali pa kujenga, na lenyewe limerudi mara zaidi ya moja kudai mali yake.

1. Ziwa na mlango wake

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 hivi, na mahali penye kilindi kikubwa linapita mita 1.400 kwenda chini. Mito mingi inaingia humo: Ruzizi kutoka kaskazini, Malagarasi kutoka mashariki, na vijito visivyohesabika vinavyoshuka milimani. Lakini mto unaotoka ni mmoja tu, nao ni Lukuga yetu. Unapita magharibi, unakata milima, unakwenda kujiunga na Lualaba, na kwa njia hiyo maji yetu yanafika mto Kongo na bahari kubwa.

Mtu angeweza kufikiri kwamba mto huo unamwaga maji yote yanayozidi. Sivyo. Sehemu kubwa sana ya maji ya ziwa inapotea juu, kwa mvuke wa jua. Lukuga inachukua sehemu ndogo tu. Kwa sababu hiyo, mvua ikipita kipimo kwa miaka miwili au mitatu mfululizo, mlango huu mwembamba hauwezi kuyatoa maji kwa haraka, na ziwa linapanda. Tena mlango wenyewe unaweza kuzibwa na mchanga, udongo na majani yaeleayo. Kila mwaka maji yanapanda kidogo hadi karibu na mwezi wa tano, kisha yanashuka hadi karibu na mwezi wa kumi au wa kumi na moja. Huko ni kupumua kwa kila mwaka, na kila mvuvi anakujua. Lakini kuna kupanda kwingine kunakokuja baada ya miaka mingi, na huko ndiko wanadamu wanakokusahau.

2. Wenyeji na misafara

Mbele ya kufika kwa wageni, pwani hii ilikaliwa na Waholoholo, ambao wasafiri wa zamani waliwaita Waguha, na nchi yao Uguha. Kusini yao walikaa Watabwa, upande wa bara Watumbwe, na kaskazini Wabembe na Wagoma. Watu hao walilima, waliwinda, na zaidi ya yote walivua.

Uvuvi mkubwa ulikuwa wa usiku, wakati mwezi haupo. Wavuvi walitoka na mitumbwi, wakawasha moto wa kuni mbele ya mtumbwi, na ndakala, samaki wale wadogo wenye kung'aa, walikusanyika kuufuata mwanga. Hapo waliwachota kwa lusenga, wavu wenye mpini mrefu. Asubuhi akina mama waliwaanika juu ya mchanga. Ndakala mkavu anabebeka, haozi upesi, na anauzika mbali. Hivyo pwani hii ilikuwa na biashara tangu zamani, hata mbele ya kuwa na soko la mji. Tukumbuke jambo hili: mchanga mtupu wa kando ya maji haukuwa mahali pasipo kazi. Ulikuwa kiwanja cha kazi cha akina mama.

Katika karne ya 19 wakaja wafanyabiashara kutoka pwani ya bahari, Waarabu na Waswahili, pamoja na Wanyamwezi. Walikuwa na kituo Ujiji, ng'ambo ya ziwa, wakavuka kuja upande wetu kutafuta pembe za tembo na watumwa. Kisiwa cha Kasenge, karibu na pwani yetu, kilikuwa kituo chao. Mwingereza Speke alifika huko mwaka wa 1858 kutafuta chombo cha kusafiria. Kisha Mtowa, kaskazini ya mlango wa Lukuga, ikawa mahali pa kushukia kwa misafara iliyoelekea Manyema. Livingstone naye alipita Uguha mwaka wa 1869 akienda huko Manyema.

Misafara hiyo ilituletea mambo mawili ambayo hatuwezi kuyatenganisha. La kwanza ni lugha hii tunayoiandika, Kiswahili cha Wangwana, Kingwana chetu. La pili ni machozi. Njia iliyopitisha vitambaa, shanga na chumvi ndiyo iliyopitisha watu waliofungwa shingo. Asiyetaja machozi hayo hajaeleza lugha yetu ilikotoka.

3. Fumbo la Lukuga

Wakati huo ziwa lilikuwa likipanda. Tangu katikati ya karne ya 19 mlango wa Lukuga ulikuwa umezibwa, na maji ya mvua hayakupata njia ya kutoka. Stanley, aliyeiona Ujiji mwaka wa 1871 na tena mwaka wa 1876, aliona wazi kwamba maji yamesogea juu ya nchi kavu.

Cameron, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, alifika kwenye Lukuga mwaka wa 1874. Alikuta mlango mpana wenye mchanga, akaingia ndani kwa mtumbwi mwendo mfupi, kisha akazuiwa na majani mengi yaliyoota juu ya maji. Hata hivyo alisadiki kwamba hapo ndipo ziwa linapotokea. Miaka miwili baadaye Stanley alikuja kupima mwenyewe. Hakuona maji yakienda mbio. Alisema kwamba Lukuga haijawa bado mto unaotoka, lakini ziwa likiendelea kupanda, baada ya miaka michache litavunja kizuizi hicho na kupita.

Na ndivyo ilivyokuwa. Karibu na mwaka wa 1878 kizuizi kikavunjika. Mwingereza mwingine, Thomson, alipofika mwezi wa Desemba 1879, alikuta Lukuga ni mto wenye nguvu unaokimbilia magharibi. Basi wasafiri hao waliobishana walikuwa wote wamesema kweli, kila mmoja kwa mwaka wake. Mto ulikuwa umebadilika baina yao.

Katika miaka 15 hivi iliyofuata, ziwa lilishuka karibu mita 10. Msomaji asipite haraka juu ya hesabu hii. Mita 10 ni kimo cha nyumba ya ghorofa tatu. Pande zote za ziwa ardhi mpya ilitokea. Ng'ambo ya pili, ngome ya Karema, iliyojengwa na Mbelgiji Cambier mwaka wa 1879 karibu na maji, ilijikuta baada ya miaka michache iko mbali na ufuko. Kwetu pia, palipokuwa maji pakawa mchanga, na palipokuwa mchanga pakawa majani na mashamba.

Hiyo ndiyo hati ya kwanza ya kiwanja chetu. Nchi tambarare ya kando ya ziwa, ambayo baadaye mji na mitaa yake vilijengwa juu yake, sehemu yake kubwa ni nchi ambayo ziwa liliiacha. Wengi wanaifikiri kuwa zawadi. Wenye kujua historia wataiita mkopo.

4. Nyakati za Misioni na za bunduki

Mwaka ule ule wa 1879 wamisionari wa Kiprotestanti wa London Missionary Society walifungua kituo Mtowa. Kusini, mwaka wa 1883, ofisa Mbelgiji Émile Storms alijenga ngome ya Mpala, kwa jina la chifu wa mahali hapo. Mwaka wa 1885 mfalme Leopold II alipotaka kuwaachia wengine vituo vya Karema na Mpala, Kardinali Lavigerie alivipokea kwa ajili ya Mapadri Weupe. Padri Moinet na Padri Moncet ndio walioingia Mpala mwaka huo. Toka hapo habari njema ilienea katika pwani yote ya magharibi.

Mapadri hao walikusanya watu waliokombolewa kutoka utumwani, wakaanzisha nao vijiji. Tangu 1887 walikuwa pamoja na Kapiteni Léopold Joubert, Mfaransa aliyekuwa askari wa Papa, ambaye alilinda vijiji hivyo kwa silaha, akaoa mwanamke wa nchi hii, Agnes Atakaye, akabaki nasi hadi kufa kwake mwaka wa 1927. Mwaka wa 1893 Padri Victor Roelens, ambaye baadaye alikuwa Askofu, alianzisha Baudouinville, ndiyo Kirungu ya leo. Na huko, mwaka wa 1917, Stefano Kaoze alipewa daraja la upadri, Mkongomani wa kwanza wa nyakati hizi kupata upadri. Alikuwa mtoto wa upande huu huu wa ziwa.

Sehemu yetu ya karibu na Lukuga ilichelewa kupata amani. Mwaka wa 1891 Kapiteni Jacques, aliyetumwa na chama cha Wabelgiji cha kupinga utumwa, alianzisha kituo cha Albertville kwa jina la Albert, aliyekuwa bado mtoto wa jamaa ya kifalme. Mwaka uliofuata watu wa Rumaliza, mfanyabiashara mkubwa wa Ujiji, waliuzingira. Vita hivyo havikuisha mpaka majeshi ya Leta yalipowashinda Waarabu mwaka wa 1894. Biashara ya watumwa ikakoma. Lakini nira nyingine zikafuata, kodi na kazi za kulazimishwa na upagazi, na wazee hawakuzisahau hizo pia.

5. Gari la moshi

Kilichogeuza vijiji kuwa mji ni reli. Kampuni ya CFL ilianzishwa mwaka wa 1902 ili kuunganisha Kongo ya juu na maziwa makubwa. Njia kutoka Kabalo, kwenye Lualaba, ilifuata bonde la Lukuga kwa urefu wa kilomita 273, ikafika ziwani mwaka wa 1915. Ni kama kusema kwamba mto ndio uliochora njia, nao mafundi wakaifuata.

Reli ilifika wakati wa vita. Mwezi wa Agosti 1914 meli ya Wajerumani Hedwig von Wissmann ilikuwa imekwisha kuiharibu meli ya Wabelgiji Alexandre Delcommune katika pwani yetu, na Wajerumani wakatawala ziwa lote. Mwishoni mwa 1915 Waingereza walileta mashua mbili za vita, Mimi na Toutou, kwa njia ndefu sana: kutoka Afrika ya Kusini hadi Katanga, kisha porini kwa kukokotwa, kisha kwa mto Lualaba, na mwisho kwa reli hii mpya hadi ziwani. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliikamata meli Kingani, na tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ikazamishwa. Katikati ya mwaka huo ndege za Wabelgiji zilizoruka kutoka juu ya maji karibu na Mtowa zilitupa mabomu Kigoma. Wajerumani wakaizamisha wenyewe meli yao kubwa, Graf von Götzen, ile ambayo baadaye iliinuliwa ikaitwa Liemba.

Vitabu vingi vinasifu mashua na makapiteni. Sisi tunapenda kuwakumbuka wale wasiotajwa: waliokata magogo ya kusukuma mashua porini, waliochimba udongo wa reli, wapagazi wa jeshi waliokwenda hadi Tabora na wengi hawakurudi. Vijiji vya pwani hii vilitoa watu wao.

Baada ya vita bandari ya Albertville, kusini ya mlango wa Lukuga, ilikua. Mizigo ilitoka Dar es Salaam kwa reli hadi Kigoma, ikavuka ziwa kwa meli, ikapanda gari la moshi hapa. Makaa ya mawe yalichimbwa Greinerville. Mwaka wa 1956 reli ya Kabalo iliunganishwa na ile ya Kamina, na tangu hapo mtu aliweza kupanda gari Albertville na kushuka Elisabethville, ndiyo Lubumbashi.

6. Kiwanda, kambi na Cité

Baada ya vita vya pili vya dunia kiwanda cha Filtisaf kilianza kusokota na kufuma pamba. Kazi ikaita watu. Walikuja Waluba kutoka bara, Watabwa kutoka kusini, Wabembe kutoka kaskazini, na wengine kutoka mbali zaidi. Kama miji yote ya Kongo ya wakati ule, Albertville iligawanywa: Wazungu upande wao, Waafrika katika Cité na katika kambi za wafanyakazi. Na vile vijiji vya zamani vya wavuvi vilivyokuwa pembeni vikajikuta vimeshikamana na mji bila kuhama hata hatua moja. Mji ndio uliovifuata.

Hapo maisha yakapata sura mpya. Baba alifanya kazi bandarini, kwenye reli au kiwandani, na king'ora kikampangia saa. Mama aliendelea kununua ndakala ufukoni alfajiri, kuwaanika na kuwauza. Katika miaka ya 1950 Wagiriki walileta meli za uvuvi zenye nyavu kubwa, na taa za petroli zikachukua nafasi ya moto wa kuni. Usiku usio na mwezi ziwa lilionekana kama mji wa pili wenye taa zake. Samaki walikuwa wengi, mshahara ulikuwapo, na kila mwaka nyumba ziliongezeka kuelekea maji. Hakuna aliyeogopa, kwa sababu tangu ziwa liliposhuka mwishoni mwa karne ya 19, vizazi viwili vilikuwa vimezaliwa na kuzeeka.

7. Mwaka wa 1964

Mvua za 1961 na 1962 zilikuwa kubwa mno katika Afrika ya mashariki yote, na maziwa makubwa yakapanda pamoja. Ziwa Tanganyika liliendelea kupanda hadi mwezi wa Mei 1964, likafika kimo ambacho watu wengi hawakuwa wamekiona maisha yao yote. Maji yalifunika ufuko, yakaingia katika nyumba na mashamba ya ukingoni.

Hapa tunaomba msomaji aangalie tarehe. Maji yalifika kileleni mwezi wa Mei 1964. Mwezi uliofuata, Juni, waasi walioitwa Simba waliuteka mji, na tarehe 19 Jason Sendwe, rais wa jimbo la Katanga ya Kaskazini, akauawa. Mwisho wa Agosti jeshi la taifa likarudi. Watu walikimbia, wengi walikufa, familia zilitawanyika. Mwaka wa 1964 ukawa katika mioyo yetu mwaka wa vita.

Tunadhani hiyo ndiyo sababu maji ya mwaka ule yalisahauliwa. Aliyekimbia bunduki hakuwa na nafasi ya kukumbuka kwamba wiki chache mbele ya hapo alikuwa amekwisha kuhamisha magodoro kwa ajili ya mafuriko. Aliporudi alikuta nyumba imebomoka, akasema: ni vita. Ziwa lenyewe likaanza kushuka polepole, likaondoka bila kudaiwa. Watoto walisimuliwa habari za Simba. Hawakuonyeshwa mti au jiwe ambapo maji yalifika.

8. Nyakati zetu

Miaka iliyofuata Albertville iliitwa Kalemie. Reli ilichakaa, meli zikapungua, na mashini za kiwanda cha pamba zikanyamaza. Mtu aliyepoteza mshahara alirudi kwa riziki ya zamani: ziwa. Basi pwani ikajaa zaidi wakati kazi ya mji ilipopungua.

Kisha vita vya 1996, na vile vya 1998, ambapo Kalemie ilichukuliwa mwezi wa Agosti. Wakulima wa bara walikimbilia mjini. Mapigano baina ya Watwa na Waluba, hasa tangu 2016, yalileta makundi mengine ya wakimbizi. Mwaka wa 2015 Kalemie ilikuwa makao makuu ya jimbo jipya la Tanganyika, na hilo pia likavuta watu. Wote hawa walihitaji kiwanja, na kiwanja rahisi kilikuwa kile cha chini, cha mchanga, karibu na maji.

Na ziwa, je? Mwanzoni mwa miaka ya 2000 lilikuwa chini. Watu walilalamika kwamba linakauka, bandari zilikosa kina, na ng'ambo ya pili walitaka Lukuga ifungwe kwa ukuta ili maji yasiishe. Ufuko ulikuwa mpana kuliko ulivyokuwa kwa miaka mingi. Watu wakajenga juu yake: kwanza vibanda vya majani, kisha matofali mabichi, kisha mabati.

Mvua kubwa za 2019 na 2020 zilipokuja, ziwa likapanda tena. Mwaka wa 2020 na 2021 maji yaliingia katika mitaa ya Kalemie, Uvira, Bujumbura na Kigoma, na mwaka wa 2024 yakarudi kwa nguvu. Nyumba za matofali mabichi ziliyeyuka. Vyoo vilifurika, na kipindupindu, ambacho ni ugonjwa wa kurudi-rudi katika mji wetu, kikapata njia. Akina mama walikosa mchanga wa kuanikia ndakala. Watu waliuliza: "Tumekosa nini? Ziwa halijafanya hivi hata siku moja." Lakini lilikuwa limefanya hivi, miaka 60 iliyopita, na zaidi ya hivi katika nyakati za Cameron na Stanley.

9. Fundisho la historia hii

Hatusemi kwamba waliojenga chini ni wapumbavu. Mvuvi hawezi kukaa mlimani na mtumbwi wake ufukoni. Usiku mmoja unatosha kuibiwa nyavu za miaka mitano. Mjane aliyekimbia vita hakuchagua kiwanja, alichukua kilichobaki. Wala hatusemi kwamba ziwa ni adui. Limetulisha tangu mababu. Wala haitoshi kungoja kwamba Lukuga ifunguliwe au ifungwe na wakubwa: wengine wanataka maji yatoke zaidi wakati wa mafuriko, na wengine, au wale wale, watataka yabaki wakati wa ukame. Mlango ni mmoja, na wanaoutegemea ni watu wa nchi nne: Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia.

Tunachosema ni hiki: maji yatashuka tena. Ufuko mpana utatokea, mweupe na mkavu, na mtoto ambaye leo anabatizwa atauona kuwa kiwanja kizuri cha kujenga. Siku hiyo nani atamwambia? Wazee waliokuwa na miaka 10 mwaka wa 1964 leo wamepita 70. Kumbukumbu yao ikizikwa pamoja nao, hasara ya 2024 itarudi juu ya wajukuu wetu.

Kwa hiyo, kwa jubilei hii, tunatoa mashauri matatu yasiyohitaji fedha nyingi. La kwanza: kila jumuiya ya mtaa imtafute mzee aliyeona maji ya 1964, aonyeshe yalipofika, na mahali pale pawekwe jiwe lenye mwaka ulioandikwa. La pili: jiwe jingine liwekwe mahali maji ya 2024 yalipofika, wakati alama zake bado zinaonekana ukutani. La tatu: chini ya mawe hayo tuache vitu vinavyoweza kuhamishwa, yaani vibanda vya nyavu, mitumbwi, vichanja vya kuanikia, juu yake tujenge vile tusivyotaka kupoteza, yaani nyumba za kulala, shule, zahanati na vyoo.

Wavuvi wa zamani walijua kuvuta mtumbwi juu zaidi kila jioni kuliko mahali wimbi lilipofika mchana. Hawakuona haya kufanya hivyo, wala hawakuacha kuvua kesho yake. Tuyaweke mawe hayo mwaka huu, mbele ya maji kushuka na mbele ya wazee kuondoka.